Mgeni Aliyemezwa

Darasa la nane, Gurjaani, mwezi wa Februari.
Jiko la kuni linavutia moshi ndani badala ya nje.
Hadubini moja, wanafunzi kumi na tisa,
na tone la mvinyo nililolichota alfajiri
kwenye mtungi wa baba, uliofukiwa ardhini hadi shingoni.

Ubaoni nimeandika majina makubwa: prokariota, yukariota.
"Nani yumo humu?" nauliza.
Malkhazi anafumba jicho silo,
kisha lile lingine: "Kuna madonge, mwalimu. Na vijiti."

Madonge ni hamira. Seli moja tu, lakini ina nyumba ya vyumba:
kiini chenye utando wake na mabawabu wake,
DNA imekunjwa humo kama shuka za bibi harusi.
Vijiti ni bakteria. Chumba kimoja,
jiko na kitanda pamoja,
DNA ni duara la uzi lililoachwa sakafuni.
Hana kabati. Hana siri.

"Maskini," anasema Eteri wa dawati la nyuma.

Maskini gani, aliyekuwapo duniani
kabla ya chumba cha kwanza kujengwa,
ambaye nduguze hujigawa mara mbili kabla kengele haijalia?
Vyumba vingi ni starehe. Ni kodi pia.

Ya nyumbani sikuwaambia.

Desemba baba alilazwa Telavi,
mapafu yamejaa vijiti.
Daktari Natela alichora nyuma ya risiti
kile ninachokichora mimi kila mwaka:
ribosomu zao ndogo, zetu kubwa.
"Sindano hii," alisema, "inajua tofauti."
Miaka ishirini na sita nimeifundisha tofauti hiyo kwa ajili ya mtihani;
usiku ule niliishika kama kamba ya kisima.

Siku ya tisa aliomba supu.
Siku ya kumi na moja aliuliza nani anapiga filimbi.
Hapakuwa na filimbi.

Kwa kuwa hapo kale seli moja ilimmeza bakteria,
ikashindwa kummeng'enya, ikampa chumba.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: akawasha moto,
na moto huo ndio tunaopandia ngazi,
ndio tunaotafunia mkate.
Tukamwita mitokondria, tukasahau alikotoka.
Yeye hakusahau. Ribosomu zake ni zilezile;
bado anasema kwa lafudhi ya kwao.
Dawa ilipita masikioni mwa baba,
ikaisikia lafudhi,
ikadhani ni adui.

Kengele. Wanakimbilia theluji.
Malkhazi amebaki, kofia mkononi:
"Kwenye mtihani tuandike wao hawana kiini, sisi tunacho?"

Andika hivyo. Utapata alama zote.

Jioni nakaa kushoto kwa baba, upande unaosikia,
namimina. Anaonja, anakunja uso:
mwaka huu umechachuka kidogo.
Ni wale vijiti, baba, nasema kwa nguvu.
Anainamisha kichwa kuelekea kwangu.
"Nani?"