Silinda ya Tatu

Plagi nne mpya nilizinunua Masasi, kwa risiti,
nikazifunga mwenyewe usiku, tochi mdomoni,
na asubuhi Daina ikaamka inakohoa.

Si kikohozi cha baridi. Cha baridi nakijua,
kile cha mwezi wa saba, ukungu umelalia boneti,
huisha ukiipa dakika mbili na maneno mazuri.
Hiki kilikuwa na hesabu yake:
tu-tu-tu, kimya. Tu-tu-tu, kimya.
Kama mtu anayehesabu wanawe mkekani
na kila akifika kwa mmoja anameza mate.

Nyuma magunia ishirini na mbili ya korosho.
Ghala la Newala linafunga saa kumi.
Mbele yangu mlima.

Nikatafuta wa kulaumu; kazi hiyo haihitaji spana.
Nikamlaumu muuza spea, alinipunguzia bei bila kuombwa.
Nikailaumu petroli ya chupa ya pale njia panda.
Nikalilaumu jicho la Namtukwa, aliyeniuliza juzi
“Gari zima, jirani?” kwa sauti tamu mno.
Nikazifungua zote, nikazipuliza, nikazikaza tena.
Tu-tu-tu, kimya.

Somoe Likwata alikuja na boksi lake,
kanga kiunoni juu ya ovaroli.
Hakuuliza gari lina nini.
“Nani kaligusa mwisho?”
Nikautazama mlima.
“Kabla hujalitibu lilikuwa linaumwa?”
“Halikuwa linaumwa. Muda wa plagi ulifika tu.”
“Basi hatutafuti ugonjwa,” akasema. “Tunatafuta mkono.”

Injini inanguruma, akachomoa waya wa kwanza:
ikayumba, nusura izime. Akaurudisha.
Wa pili, ikayumba.
Akaruka wa nne, sijui kwa nini, labda alishajua: ikayumba.
Wa tatu,
hakuna. Ikaendelea kukohoa vilevile,
kama nyumba aliyoondoka mtu
na hakuna aliyegeuza shingo.

Akazima, akahamisha plagi ya tatu kwenda ya kwanza.
Ikachoma safi.
“Kamwombe radhi mwenye duka.”

Kisha akaomba turubai.
Saa sita mchana, jua la Kitangari linachoma kisogo,
tukajifunika vichwa pamoja na injini,
tukatengeneza usiku mdogo wenye harufu ya maganda ya korosho,
na ndani ya usiku ule nikauona:
uzi wa buluu, mwembamba kuliko wa cherehani,
unaruka kutoka kwenye mpira uliochanika
kwenda kwenye chuma, tak, tak, tak,
moto wote unamwagika nje ya nyumba.

“Ulivuta waya kwa shingo,” akasema gizani.
“Huvutwa kwa kichwa. Unauzungusha kwanza, unaubembeleza.
Wewe ulinyonga.”

Aliyekuwa akijua kubembeleza ni Hokororo,
tingo wangu wa miaka sita,
aliyebandika kila waya kipande cha plasta
na kuandika namba kwa mkono wake wa darasa la nne.
Nilimfukuza mwezi wa tisa kwa jeki iliyopotea.
Jeki niliiona baadaye, chini ya kiti.
Sikumwambia mtu.

Somoe akatoa waya wa Haisi iliyokufa zamani,
akausukuma kwa kidole gumba. Ka.
“Umeisikia hiyo ka? Bila hiyo hujafunga.”
Elfu kumi na tano. Sikubishana.

Mlima tuliupanda kwa gia ya pili,
nikihesabu: nne, nne, nne.
Ghala lilikuwa limefunga nusu saa kabla.
Nikaegesha kwenye foleni ya kesho, nikatoa simu.
Jeki ilikuwa kitini pembeni yangu kama abiria.
Simu ikaita mara tatu. Kimya.
Nikapiga tena,
na safari hii sikukata,
nikaiacha iite.