Yuro Moja, Dakika Mbili

Tulifika tumenuniana.
Duilio alikuwa ameshika njia ya mkato iliyotuzungusha saa nzima,
Marzia akamkunjia ramani puani,
na shangazi Ottavia, kiti cha nyuma, amebanwa katikati yetu,
akauliza mara ya nne kama kanisa bado lipo.
Lipo, shangazi. Mawe hayahami.
"Daraja nalo walilisemea hivyo hivyo," akajibu.

Lilikuwepo. Tuliliona kabla ya kuuona mji,
limejikalia kileleni, nyumba zimejibana ubavuni mwake
kama vifaranga waliosikia mvua.
Mlangoni bawabu akamwonyesha mke wangu mabega yake mwenyewe,
akampa shela ya karatasi, buluu ya hospitali.
Akaingia kwa Mungu amevaa kama mtu anayesubiri kupasuliwa.
Tukacheka. Kicheko kikapaa,
kikazurura huko juu kati ya matao, kikakawia kushuka,
na kiliporudi hakikuwa chetu tena.

Mimi sijui kulisifu jengo.
Nitasema tu kwamba vidato vimelika katikati kama sabuni,
kwamba shingo iliniuma,
kwamba baridi ya mle ndani ilikuwa ya zamani,
haijapata habari za Julai.

Katika kikanisa cha pembeni, giza, na kisanduku cha chuma:
yuro moja, dakika mbili.
Duilio, aliyegombana na mashine ya ushuru wa barabara,
ndiye aliyetumbukiza ya kwanza.
Ukuta ukafumbua macho.
Malaika, manabii, umati mzima wenye dhahabu vichwani,
na chini, pembeni kabisa, punda mmoja
akitutazama kana kwamba sisi ndio tuliochorwa.
"Yule wa kushoto," alianza Marzia, "yule ni..."
Giza.
Sarafu ya pili. "Yule wa kushoto ni Mtakatifu..."
Giza.
Ya tatu ilikuwa yangu; niliimaliza nikitafuta miwani.
Ya nne tulimwazima bibi wa Kijerumani aliyepiga magoti,
tukamkata sala katikati.
Kisha mifuko ikabaki na funguo, risiti, na kifungo cha koti.

Tukasimama gizani, watu wazima, kama walioachwa na basi.

Ndipo shangazi, ambaye mtoto wa jicho amemwachia dunia ya ukungu,
akauachia mkono wangu, akaenda bila kupapasa,
hatua saba, nane, hadi nguzo ya mwisho,
akainama, akaweka kiganja juu ya kichwa cha simba wa marumaru.
"Pua hana," alisema. "Hata wakati ule hakuwa nayo."

Wakati ule: umri miaka sita, majira ya mabomu,
mtaa mzima umelala humu sakafuni na mbuzi wake.
Kuwasha kiberiti ilikuwa marufuku.
Mama yake alimwambia amshike simba masikio
kila ndege zinapopita, ili simba asiogope.
"Picha?" akatugeukia. "Kumbe hapa pana picha?"
Wiki tano alilala chini yake.

Tukainama mmoja mmoja.
Duilio akamgusa, kisha Marzia, mkono wake juu ya mkono wa Duilio
ukakaa pale kupita ilivyohitajika.
Mimi nikapata sikio: laini, baridi,
lina kijishimo cha kidole gumba
kidogo mno kuwa changu.

Nje jua lilitupiga kofi.
Kwenye kibanda cha aiskrimu binti yangu Tullia akafungua ngumi:
yuro moja, imelowa jasho,
imemchora duara jekundu kiganjani.
"Ulikuwa nayo muda wote?"
"Hii ni ya aiskrimu," akasema,
akishangaa kwamba jambo kama hilo linaulizwa.

Shangazi alicheka hadi akaegemea ukuta.
Akataka ya limau. Akaila polepole, ameketi ngazini,
uso ameuelekeza mlangoni tulikotoka,
na ilipoanza kumtiririkia kifundoni akasema:
"Huyo punda. Nielezeni tena huyo punda."