Kona ya Thelathini na Moja

Uyole, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kupasua midomo.
Mama amekaa nyuma yangu kama lumbesa iliyofungwa na mjuzi,
vitenge viwili juu ya suruali ya marehemu,
na kati ya kifua chake na mgongo wangu
chupa ya chai inanichoma uti.
"Mama, Chimala chai ipo."
"Ipo," akasema. Chupa hakuitoa.

Nilikuwa nimemvisha helmeti, nikampachikia kidude cha Tunduma:
spika mbili masikioni,
maiki kama punje ya njegere mbele ya mdomo.
Sema tu kawaida, nikamwambia, nitakusikia.
Akaita kama anayemwita mtu ng'ambo ya Kiwira:
"AMBOKILE! INAKULA VOCHA HII?"
Masikio yangu yalilia hadi Isyonje.

Haili vocha, mama.
Hakuamini. Akaongea kwa kubana matumizi:
"Ng'ombe."
"Shimo."
"Huyo mtoto."
Tukaiacha barabara ya Tukuyu, tukakunja kushoto, tukapanda,
na Kikondo, pareto ilipotanda nyeupe pande zote mbili,
akajisahau, akatumia sentensi nzima:
"Hii nimeichuma mpaka kucha zikanuka, ukapata madaftari."

Kitulo ukungu ulitumeza na taa zetu.
Mimi maua yale siyajui majina.
Yeye anayajua kwa kazi zake:
hili la tumbo la mtoto,
hili kiazi chake huvushwa Zambia kuliwa,
hili halina kazi, zuri tu, achana nalo.
Kisha akanyamaza, nikabaki na pumzi yake
inaingia, inatoka, ndani kabisa ya sikio.
Mara ya mwisho kumsikia akipumua karibu hivyo
nilikuwa mgongoni kwake.

Baada ya Matamba barabara inajimwaga.
Kona hamsini na saba mpaka chini Chimala,
na Usangu imelala huko kama ngozi iliyoanikwa.
Mbele yetu fuso la viazi, breki zinanuka.
Nilikuwa nahesabu. Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
Ndipo sauti ikaja, ndogo, ya Kinyakyusa,
sauti ya mtu anayezungumza na ukuta wa jikoni:

"Ugonile, baba Ambokile.
Huyu wako anailalia kona kabla haijafika, kama wewe.
Siku ile uliniomba chai ya safari.
Nikasema kawaombe hao unaowanunulia bia.
Chupa ilikuwa imejaa. Niliificha chini ya kitanda.
Ukashuka huku na koo kavu."

Kitufe cha kuzima kipo upande wa kushoto.
Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye klachi:
huo ndio utetezi wangu.
Lakini klachi haishikwi kona nzima,
na ile ya thelathini na moja ni ndefu.
Nilikuwa na miaka minne lori la baba lilipoanguka pale.
Nyumbani tuliambiwa: breki.
Miaka thelathini, breki.

Kona mbili chini nikaegesha penye kokoto.
"Injini imechemka," nikasema. Injini ya baridi ile.
Akashuka kwa awamu, mguu, mguu, kiuno, kuugua,
akavua helmeti, nywele zimemlala upande mmoja.
"Mama, naomba chai."
Akanitazama.
Akafungua chupa, akamimina kwenye kifuniko mpaka juu,
tangawizi nyingi, sukari kupita kiasi.
Nikanywa, nikaungua ulimi, nikanyoosha mkono tena.
"Ndaga," nikasema.
Fuso jingine likapita, utingo akatupungia.

"Hiki kidude," akasema, akifuta kifuniko kwa pindo la kitenge,
"huko juu kilikuwa kinafanya kazi?"
"Betri iliisha Matamba, mama."
Akaitazama helmeti yangu juu ya tangi,
taa yake ya bluu inapepesa, inapepesa.
"Eee," akasema. "Iliisha."
Akanimiminia cha tatu.