Kisanduku cha Lugha

Kwenye fomu ya Manay Obdulia, chini ya jina na dini,
pana kisanduku kidogo: Lugha.
Mtu aliandika: Kifilipino.
Nilicheka peke yangu saa tisa za usiku,
mimi ambaye fomu yangu ya kwanza hapa Winnipeg
ilisema nazungumza Kiafrika.

Kiharusi kilimjia kama mwizi aijuaye nyumba.
Kilianza na Kiingereza, miaka arubaini ya kushona makoti kiwandani,
kikarudi kuchukua Kitagalogi cha shule na redio,
kikaacha kilichokuwa chini kabisa ya sanduku:
maneno ya Nabua,
ambayo hata Jovita haelewi yote.

Jovita ni wa Virac, kisiwani. Amado mpishi ni wa Naga.
Wote wawili hujiita Wabikol
na kila wakikutana mlangoni mwa jiko, ubishi.
Vipi, kwa mfano, kumwuliza mtu
kama amekaa sana sokoni?
"Nahaloy," asema Amado, kifua mbele,
maana kwao ndiko kwa askofu na kwa kamusi.
"Naawat," asema Jovita, "na usinifundishe."
Mimi nakunja shuka. Nawajua hawa.
Ni Mvita na Unguja
wamevaa sare za hospitali.

Jumanne moja ya Januari,
nyuzi thelathini chini ya sifuri, vioo vimeota manyoya,
wali uliletwa umeshikana kama ugali.
Manay akaonja. Akasukuma sahani.
"Malusgot!"
Amado akatoka jikoni mbio, nikadhani ameungua.
Kumbe anacheka, machozi yanamtoka.
Akanieleza: kwao hasira ina msamiati wake.
Wali una jina la siku njema, malutò,
na jina jingine la siku ya ghadhabu.
Vivyo hivyo paka, nyumba, maji, jicho;
mtu akikasirika hubadili maneno
kama avuaye kanzu ili apigane.
"Wiki sita hajatamka kitu," akasema. "Leo ametutukana.
Anapona."
Akarudi kupika upya, anajigamba kana kwamba kasifiwa.

Nilimwonea wivu bibi yule.
Sisi tukikasirika tuna maneno yale yale ya asubuhi,
tunayapandisha sauti tu.

Usiku nikamwosha uso kwa kitambaa cha vuguvugu.
Akaushika mkono wangu, akaupeleka palipobaki sabuni.
"Mata," akasema. "Mata."
Jicho.
Nikasimama, kitambaa kinanidondoshea maji viatuni.
Kwani bibi yangu, mzaliwa wa Lamu,
hakusema macho hata siku moja. Alisema mato.
Nami nilipolipeleka neno lile darasani, Mombasa,
Mwalimu Kitsao alilikata kwa wino mwekundu,
akaisoma insha yangu mbele ya wote,
na tangu siku hiyo nina macho
kama watu wengine.

Najua, ni sadfa. Bahari hizi mbili hazikuulizana.
Ako kwao ni mimi; kwetu ni chako, wako, yako.
Hiyo nayo ni sadfa. Sibishi.

Jovita akapita na dawa.
Manay akamtazama, kisha akanigeukia mimi
kwa mato yaliyokwisha sabuni,
akauliza kitu chenye ile irabu ambayo Kiswahili hakina,
inayotoka katikati ya mdomo
kama pumzi ya mtu anayetua gunia.
"Naəban ika?"
"Hilo ni la kwao Nabua," Jovita akanong'ona.
"Anakuuliza kama umekaa sana."
"Sokoni?"
"Hapa."

Nje, gari la kukwangua theluji lilikuwa linapita Sargent,
taa yake ya njano ikizunguka darini.
Kisanduku bado kinasema Kifilipino. Hakina nafasi ya zaidi.

"Miaka kumi na moya," nikamwambia,
na sikujisahihisha.