Uzito Tumboni

Birmingham, mtaa wa masonara. Jumanne, mvua.
Dukani kwa Bi Tranter kuna taa arobaini na moja;
nilizihesabu wiki ya kwanza, wateja hakuna.
Chini ya taa hizo hata kipande cha chupa
kingetosha kuposea.

Orville Samms kaingia na koti la kampuni ya mabasi,
kucha zina grisi isiyosikia sabuni.
"Karati moja," akasema. "Niliahidi karati moja."
Akatia mkono mfukoni, akauacha humo.

Nikamletea jiwe, na cheti chake.
Uzito: moja kamili, na sufuri mbili nyuma kama walinzi.
Rangi: nzuri. Usafi: mzuri.
Mkato:
hapo ndipo Bi Tranter alinifundisha kuweka kidole gumba
wakati wa kukunjua karatasi.

Si uongo, alisema. Kimeandikwa, na mteja ana macho.
Akiuliza, mjibu. Asipouliza, mfungie.
Kwetu husema mtu kauziwa mbuzi kwenye gunia.
Hapa gunia ni la kioo
na mbuzi anametameta.

Jiwe lina meza, lina taji, lina kiuno,
na chini ya kiuno, tumbo.
Mwanga huingia mezani kama mgeni.
Tumbo likiwa na pembe zake, mgeni hugeuzwa kwa heshima,
akatokea alikoingilia, kabeba rangi mikono miwili.
Tumbo likiwa bapa, jiwe hukutazama
kwa jicho la samaki wa juzi.
Likizidi kina, mgeni hupotelea jikoni,
akatokea mlango wa uani,
na katikati hubaki giza dogo, kichwa cha msumari.

Hili lilikuwa la msumari.

Nani hukata hivyo? Mwenye kutazama mizani.
Fundi alijua: akilichonga lipasavyo
litabaki pointi themanini na tisa,
na themanini na tisa haiahidiwi mtu.
Basi akaacha nyama tumboni,
mahali unapolipia usipopaona.

Mimi ni wa Maganzo. Baba alichekecha changarawe
nje ya uzio wa mgodi, miaka kumi na saba.
Dalali alikuja na tochi yake mwenyewe;
tochi ya baba hakuitaka.
Alisema "chafu," akasema bei, akanyamaza,
na baba alirudi nyumbani akikiuza kile kimya upya,
usiku kucha, kwa mama.

Nikaondoa kidole.

Nikalichukua jiwe hadi mlangoni,
nikalishika chini ya mawingu, mbali na taa za watu.
Orville akainama. Mvua ikamdondokea shingoni.
"Limelala," akasema.
Nikamwonyesha neno: wastani.
Nikamletea na lile dogo, themanini na tisa, mkato bora kabisa;
likaamka hata kwenye mwanga ule wa maji ya kuoshea vyombo.

Nilidhani nitamweleza pembe. Akanieleza yeye.
"Taa ya mbele ya basi, balbu si kitu.
Kazi yote ni ya bakuli lililo nyuma yake.
Likibonyea, unamulika mitaro."
Akayageuza mawe yote mawili, moja, jingine, tena la kwanza.
"Lakini nilisema moja. Mbele ya mama yake."

Hakununua. Alisema atamuuliza Claudine
aliisikia namba, au alikuwa anamtazama yeye tu.
Akaomba nimwandikie yote kwenye karatasi: uzito, upana, kina,
na lile neno, kwa herufi kubwa.
Nikaandika. Kalamu ya duka.

Bi Tranter hakugomba. Alifuta kioo ambacho hakikuwa na doa.
"Kuanzia kesho," akasema, "kaa kwenye saa."

Sasa nabadilisha betri.
Vidude vidogo kuliko ukucha wa mtoto,
na kila kimoja, mgongoni,
kimeandikwa nguvu yake.