Mkono wa Tatu

Mpwapwa, mwezi wa saba, rangi hupakwa mapema,
kabla upepo wa Kiboriani haujavaa viatu.
Ikifika saa nne umechelewa:
vumbi linajibandika kwenye rangi mbichi
kama mgeni asiyengoja kukaribishwa.

Bibi Sechelela alichagua rangi mwenyewe, dukani.
Si buluu, si kijani. "Hii ya udongo," alisema.
"Vumbi litakuja tu. Likija, likute ndugu yake."

Madirisha sita, mbawa kumi na mbili za chuma,
bawaba zinalia kama ndama aliyeachishwa.
Nikazing'oa, nikazilaza juu ya magunia uani,
nikaanza na brashi ya waya, kisha msasa.
Kutu ikanipanda puani, ikanikaa ulimini,
ladha ya sarafu uliyoificha mdomoni
ulipotumwa chumvi.

Ubawa wa kumi ulikuwa wa jikoni.
Upande wa ndani, chini ya masizi,
maandishi ya msumari:

Chedego, uwele debe moja. Mstari juu yake.
Manyawu, mtama pishi nne. Mstari.
Mhewa, mtama madebe mawili.

Hapo hapakuwa na mstari.
Mhewa ni baba yangu.

Nilikaa na msasa mkononi
mpaka kivuli cha choo kikanifikia mguuni.
Mwaka ule nilikuwa na miaka mitano, labda sita.
Ugali naukumbuka; ulikotoka siukumbuki.
Mtoto huona sahani,
haoni mlango uliobishwa usiku.

Bibi akatoka na chai ya maziwa,
akatazama ninapotazama.
"Mbona umesimama? Rangi inakauka koponi."
"Bibi, hapa pana jina."
"Pana kutu," akasema. "Sugua."

Nikasugua. Mkono ule uliandika kwa nguvu.
Nikapaka rangi nyekundu ya msingi,
nikapiga mkono wa kwanza, nikapiga wa pili,
kama tulivyopatana.
Siku ya kuzirudisha, alfajiri, ng'ombe bado zizini,
nilikuja na kopo nililonunua mwenyewe
nikapiga mkono wa tatu,
mbawa zote.

Akanikuta nimechuchumaa.
"Tulisema miwili."
"Brashi imeteleza, Bibi."
"Imeteleza mara kumi na mbili?"
Sikujibu.
Akalowesha kidole, akahesabu noti zangu,
hakupunguza, hakuongeza.
Jioni, nilipokwisha kuzipachika,
akaingia ndani akavuta dirisha la jikoni.

Halikulia.

Ila nikipita pale magharibi, dirisha likiwa wazi
na jua linakuja kwa ubavu,
herufi zinainuka chini ya rangi:
Chedego, Manyawu, wamekatwa katikati,
na huyo wa tatu, mzima.
Nimewahi kusogea nikapitisha kidole.
Pale mstari ulipopaswa kuwa
ni laini. Rangi imekaa vizuri sana pale.