Nati ya Nyuma ya Tangi

Kuanzia Nyamasaria, kila tuta, ng'o.
Kila shimo, ng'o-ng'o.
"Injini haina neno," akasema Bi Philista akizima,
"ila kuna mtu ananipigia hodi huko nyuma,
nikigeuka, simwoni."

Datsan ya kijani, rika langu.
Kutu imeipekecha ubavu, mlango mmoja umefungwa kwa katani.
Nikatandika katoni, nikajilaza, nikajisukuma chini.
Nikatikisa gurudumu: kimya.
Nikatikisa lile jingine: kimya.
Gari ni mtoto aliyekohoa usiku kucha,
ukimfikisha zahanati anamchekea daktari.

Nikamwita Odipo. "Panda buti, ruka."
Akaruka kama mtu anayekanyaga tope la kukandika nyumba
na hapo nikaisikia, juu, kushoto,
ng'o.
Nikaweka kidole, nikaihisi ikicheza:
nati ya juu ya shokamzoba,
imelegea kama jino la mtoto wa miaka sita,
mahali ambapo aliyeliunda gari aliifunga kwanza,
kisha akaleta tangi, akafunika, akaenda kula.

Spana iliingia, haikugeuka.
Nikaikata mpini kwa msumeno, ikageuka kidogo.
Kidogo, toa, rudisha.
Kidogo, toa, rudisha.
Kutu ikanidondokea machoni, nikaitukana Datsan
kwa lugha ambayo Bi Philista aliisikia vizuri sana.
Akakohoa.

Nati ikatoka. Mpira wake ulikuwa umesagika, unga mtupu.
Mpira mpya ukakaa bila ubishi.
Nati mpya ndiyo ikakataa kupanda.
Mara ya kwanza ilianguka mchangani.
Ya pili ikajificha juu ya chesisi.
Ya tatu sikuisikia ikianguka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.
Mkono wangu umevimba kwa miaka ishirini ya nyundo, haupiti;
wa Odipo unapita, haufiki.

"Nipishe," akasema.
Akavua saa, akavua bangili, akampa Odipo ashike.
Miaka thelathini na mmoja alizalisha kule Ahero,
usiku mwingine mafuta ya taa yameisha.
"Na huko pia," akasema, "hapakuwa na wa kunimulikia."
Akaomba sabuni. Nikampa grisi.
Akaipaka hadi kwenye kiwiko, akajilaza kwenye katoni
na gauni lake la maua,
akafumba macho.

Nikamega ugali uliobaki kwenye sahani ya omena,
nikaubandika ndani ya soketi, nati ikashika.
Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha chuo.
Akapenyeza mkono, akanyamaza.
Niliona bega lake likifikiri.
"Usisukume," alijiambia, au aliiambia nati,
"usisukume bado,"
kisha vidole vikazunguka kule nisikokuona
na uso wake ukalegea.
"Imeuma."

Nikamalizia mimi, kidogo, toa, rudisha, hadi ikakaza.
Tukaliendesha mpaka Kibos na kurudi.
Matuta yote yakapita bila neno.
Alinilipa, akakata mia mbili:
"Za mkono wangu."

Juma lililofuata akaegesha tena hapa, amenuna.
"Umeniharibia," akasema.
"Wajukuu walikuwa wakisikia ng'o pale kwa kinyozi,
wanakimbilia geti, nafika limeshafunguliwa.
Sasa naingia kimya kama mwizi.
Nasimama juani nje ya kwangu,
nabonyeza honi, na unajua honi yenyewe hailii."

Nikachukua koleo na kipande cha waya.
Honi, angalau, iko mbele.